Kulala Ndani ya Noah Ufukweni Wakati wa Kaskazi Bila Kuchemka: Mwongozo Kamili

Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, joto la mchana Dar es Salaam hufika nyuzi 31 hadi 33, na usiku likishuka sana huishia kwenye 25 hivi. Aliyezoea Arusha au Iringa husubiri ubaridi wa usiku wa manane, hapa hauji. Kinachotesa zaidi ni unyevu. Usiku hupanda kupita asilimia 80, jasho halikauki, na gari lililofungwa vioo huwa kama sufuria ya wali iliyofunikwa. Miezi hiyohiyo ndiyo watu wanapovuka kwa pantoni la Magogoni au Daraja la Nyerere kwenda kwenye matamasha ya fukwe za Kigamboni, vyumba vinajaa, na kinachobaki ni kulala ndani ya Noah, Alphard au Hiace mliyojia.

Hesabu kidogo kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua ununue nini. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80, sawa na balbu moja ya zamani. Wawili ni wati 150 usiku kucha. Kila mmoja pia hutoa mvuke wa maji wa gramu 40 hivi kwa saa, kwa pumzi na ngozi, hata kama hajaloa jasho. Noah iliyolazwa au kutolewa viti vya nyuma ina nafasi ya mita za ujazo 5 hadi 6 tu. Hewa ya nyuzi 25 hubeba hadi gramu 23 za mvuke kwa kila mita ya ujazo, basi zaidi ya hapo haiwezi, na hewa ya usiku wa Dar tayari imebeba 19 au 20. Kwa hiyo watu wawili wakifunga vioo, ndani ya nusu saa hewa imeshiba maji na jasho halina pa kwenda. Kazi yote inayofuata hapa ina shabaha moja: hewa ya ndani itoke, ya nje iingie, na njiani ipite juu ya miili yenu.

Usipoteze pesa wala maisha kwa haya

Kiyoyozi huku injini inanguruma. Gari likisimama, moshi wa bomba hauendi mbali. Mchanga ukiziba bomba, au sailensa ikiwa na tundu, au upepo ukigeuka na kuurudisha moshi chini ya gari, kaboni monoksidi inaingia kupitia mpira wa mlango wa nyuma na matundu ya sakafu. Haina harufu wala rangi, na aliyelala hashtuki. Usilale hata dakika kumi injini ikiwa imewashwa. Jiko la mkaa ni hivyohivyo: lisiingie ndani, lisiwekwe chini ya dirisha lililo wazi, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo ibaki nje, mita mbili au tatu upande ambao upepo unaelekea. Ndani ya gari ni moshi na cheche juu ya godoro la sponji.

Barafu kwenye beseni. Kilo moja ikiyeyuka humeza joto la wati-saa 93. Kilo tano ni 465. Ninyi wawili mnatoa 150 kila saa, kwa hiyo hata gari lingekuwa limezibwa kila tundu, beseni lote lingelipa joto lenu kwa saa tatu tu. Ukifungua dirisha, ubaridi unatoka na upepo. Barafu ina kazi, ila kwenye mwili, na tutafika hapo.

Feni za maji, zile ndogo zinazouzwa kama kiyoyozi cha mezani. Zinategemea maji yakauke, na hewa ya pwani haikaushi. Usiku wa nyuzi 26 wenye unyevu wa asilimia 85, kitambaa kilicholowa hakiwezi kupoa chini ya nyuzi 24. Peleka kifaa hichohicho Dodoma wakati wa kiangazi, kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 35, kitambaa kinashuka hadi 19 hivi; huko kina thamani. Hapa kinakuongezea unyevu ndani ya sanduku dogo. Pazia la khanga iliyoloweshwa lina kasoro hiyohiyo, na zaidi linaziba upepo.

Maji yakiwa moja kwa moja kwenye ngozi, mambo ni tofauti. Ngozi ina nyuzi 33 hadi 35, ni ya moto kuliko hewa, kwa hiyo maji juu yake hukauka hata kwenye unyevu mkubwa, mradi feni inayapuliza. Chupa ya kunyunyizia ya nusu lita inashinda mashine ya maji yoyote ile.

Kuegesha

Fika kabla ya saa 9 alasiri. Baada ya hapo mnapewa nafasi iliyobaki, na iliyobaki ni nyuma ya jenereta.

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na mchana upepo wa bahari huongeza nguvu. Usiku hulegea, alfajiri mara nyingi hutulia kabisa au hugeuka ukatoka bara. Maana yake: mpaka saa 5 au 6 usiku upepo wa bure unatosha, kuanzia hapo feni inabeba mzigo wote. Noah nyingi za zamani zina mlango mmoja wa kuvuta, upande wa kushoto. Ili mlango huo uupokee upepo, pua ya gari itazame kusini-mashariki. Njia nyingine ni kuugeuzia upepo mgongo: pua kusini-magharibi, mlango wa nyuma umeinuliwa, neti imening'inizwa kuuzunguka. Hakuna tundu kubwa kuliko hilo, ila linataka mahali penye ulinzi. Kama itabidi uchague kati ya upepo na kivuli, chukua upepo. Jua linazibika kwa turubai. Upepo usiokuwepo hauletwi.

Kabla ya kuzima injini, angalia haya:

1. Mstari wa mwani na takataka ufukweni ndio unaoonyesha maji yalipofika. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yatapanda zaidi ya hapo, kwa hiyo egesha juu kabisa ya mstari, penye majani au mchanga mgumu.
2. Jenereta, vyoo na majiko ya mama lishe viwe upande ambao upepo unaelekea.
3. Usijibane kati ya mabasi mawili. Basi ni ukuta. Acha angalau urefu wa gari moja upande wa upepo.
4. Lami na saruji hutema joto mpaka baada ya usiku wa manane. Mchanga na majani hupoa mapema. Lakini majani makavu marefu chini ya gari lililotoka safari ndefu yanaweza kushika moto kwa joto la bomba. Yakanyage au sogea.
5. Tazama juu. Chini ya mnazi hapalaliwi: nazi yenye kumbi inapita kilo moja na inaanguka usiku bila hodi. Mwembe Desemba una maembe. Mkungu una kivuli kizuri na popo. Mvinje ndio mti wenyewe, kivuli chembamba na upepo unapita.

Kivuli cha mchana

Bati la gari ni jembamba. Jua likizama linapoa haraka. Kinachohifadhi joto ni viti, dashibodi, godoro na mabegi. Kazi ya mchana ni kuvizuia hivyo visipikwe.

Turubai la mita 3 kwa 4 linatosha paa la Noah na kibaraza cha pembeni. Upande wa fedha au mweupe uwe juu. Usilitandaze likagusa paa. Liache nafasi ya sentimita 20 ili hewa ipite katikati. Kama una keria, funga juu yake vipande viwili vya mianzi kwa marefu ya gari na ulipitishe hapo. Upande wa mlango, literemshe kwenye nguzo mbili za mita 2. Vigingi vya hema having'ang'anii mchanga wa pwani. Jaza viroba mchanga, vifunge kamba shingoni, vizike sentimita 40, na kamba iende ardhini kwa mlalo.

Vioo vinazibwa kwa nje kuliko ndani, kwa sababu joto lililokwisha kupita kwenye kioo limeshaingia. Nunua foili ya kuwekwa chini ya bati la nyumba inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Chora umbo la kila kioo kwenye gazeti, kata foili ikiwa kubwa kwa sentimita 3 kila upande, bandika mkanda mpana kingo zote, na ishikize kwa sumaku kwenye bati linalozunguka kioo. Vile vikombe vya plastiki vya kunyonya kioo huachia jua linapokolea, usivitegemee. Kioo cha mbele ndicho kikubwa kuliko vyote; funika hicho kwanza, foili ikibanwa na waipa. Kama wizi wa vitu vya nje unakutia hofu, weka ndani, upande unaong'aa ukitazama nje. Tinti nyeusi isikudanganye: inameza jua na kuwa moto yenyewe.

Jua likizama na mbingu ikiwa safi, toa turubai juu ya paa. Bati tupu humwaga joto lake angani, ndiyo maana alfajiri unalikuta lina umande. Turubai linazuia hilo. Kukiwa na dalili za mvua liache, lakini linyanyue upande mmoja.

Neti

Madirisha yasiyo na neti yatafungwa saa 1 usiku, na kila ulichofanya mchana kitakuwa bure. Mbu wa malaria huuma usiku. Wa dengi huuma mchana, hasa asubuhi na jioni. Kwa hiyo neti iwe tayari kabla ya saa 12 jioni na isitolewe kunapopambazuka.

Nunua neti ya mita Kariakoo, ya poliesta, mashimo ya chandarua cha kawaida: 156 kwa inchi ya mraba. Wenye maduka watakuonyesha ya mashimo madogo zaidi na kusema inazuia hata usubi. Ni kweli, na inazuia upepo pia. Hata hii ya kawaida inakula sehemu kubwa ya upepo, ndiyo sababu tundu liwe kubwa na feni iwepo. Karibu na mikoko, ambako usubi ni wengi, ni nafuu kusogea kuliko kununua neti nzito.

Milango ya mbele: shona mfuko kama foronya. Upana ni wa fremu ya mlango kuongeza sentimita 10, urefu kutoka juu ya fremu hadi sentimita 20 chini ya kioo, chini uingize lastiki. Fungua mlango, uvike fremu mfuko huo kutoka juu, funga mlango, shusha kioo chote. Mpira wa mlango unaibana neti wenyewe.

Mlango wa kuvuta: pazia la vipande viwili, kila kimoja kirefu kuliko tundu kwa sentimita 20, vipande vipishane kwa sentimita 30 katikati ili mtu aingie bila kufungua tundu. Shona sumaku kwenye pindo la juu na za pembeni kila sentimita 20. Pitisha sumaku moja kuzunguka fremu kabla ya kushona. Sehemu nyingi zimefunikwa plastiki na hazishiki, hapo bandika velkro. Pindo la chini liwe mfereji uliojazwa mchanga mkavu. Sumaku pekee hazitoshi chini, upepo wa saa 3 usiku unazing'oa.

Kosa la kawaida ni kulala bega likiwa limeegemea neti. Mbu anauma kupitia tundu kana kwamba neti haipo. Acha kiganja kizima kati ya mwili na neti.

Kuhusu wezi: mwizi wa upondo hahitaji kuingia, anahitaji fimbo na ndoano. Simu, pochi na funguo zilale chini ya chaga upande wa mbali na dirisha, si kwenye dashibodi wala pembeni ya mto. Mlango wa nyuma unaweza kuachwa wazi kwa sentimita 8 hadi 10 kwa mnyororo mfupi na kufuli kutoka kwenye komeo hadi ndoano yake. Hewa inatoka, mtu hapiti. Zima taa ya ndani, la sivyo itawaka usiku kucha na kuwaita wadudu na kula betri. Mahali usipopaamini, shusha vioo nusu na uongeze feni.

Feni na umeme

Hapa ndipo wengi hukosea: wananunua feni kubwa moja, wanaichomeka kwenye laita ya gari, na asubuhi wanasukuma gari mchangani.

Mnahitaji feni mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza inapuliza miili. Feni ya volti 12 ya kubana, ya inchi 6 hadi 8, inayotumia wati 10 hadi 15. Ifungwe upande wa miguu au ubavuni, sentimita 60 hadi 100 kutoka mwilini, ikipuliza kwa urefu wa kitanda ili wote wawili wapate. Ikielekezwa usoni usiku kucha mtaamka na koo kavu na macho yanayowasha. Mbu nao hawaruki vizuri kwenye upepo wake.

Ya pili inatoa hewa. Feni ya kompyuta ya sentimita 12, volti 12, inatumia wati 2 hadi 4 na haina kelele. Ikiwa haina kizuizi inasukuma mita za ujazo 80 hivi kwa saa. Ikizibwa na neti tuseme nusu yake, 40. Kwenye gari la mita za ujazo 5.5, hewa yote inabadilishwa kila dakika 8. Kumbuka kwamba bila hiyo mnaishibisha maji ndani ya nusu saa. Kata plaiwudi ya milimita 6 ienee kwenye pengo la juu la dirisha lililoshushwa sentimita 15, toboa tundu la feni, funga feni kwa skrubu ikipuliza nje, bandika neti upande wa ndani. Iwe upande ambao upepo unaelekea, juu, na tundu la kuingizia hewa liwe upande wa upepo, chini ya usawa wa vifua vyenu. Matundu yote mawili yakiwa upande mmoja, hewa inaingia na kutoka palepale na kitanda hakipati kitu. Jaribu kwa karatasi ya choo: ishike juu ya mto, ikae ikipepea. Isipopepea, hamisha feni.

Sasa umeme. Wati 15 kwa saa 9 ni wati-saa 135. Kwenye volti 12 hiyo ni ampea-saa 11. Betri ya kuwashia ya Noah ni ya ampea-saa 40 hadi 50 na haikutengenezwa kushushwa chini ya nusu. Usiku mmoja itavumilia ikiwa ni mpya. Usiku wa pili bila kuendesha huenda isiwashe injini, na kila ukiishusha hivyo unaifupishia maisha. Isitoshe, kwenye Toyota nyingi laita haina umeme mpaka ufunguo uwe umezungushwa hatua ya kwanza, na hapo redio na vifaa vingine vinakula umeme pia.

Chagua moja kati ya hizi:

- Pawabenki ya mAh 20,000 na feni ya USB ya wati 5. Kilichoandikwa ni wati-saa 74, kinachotoka ni kama 45 hadi 50, sawa na saa 9. Moja kwa kila mtu. Ni nafuu, inatosha usiku mmoja wenye upepo, haitoshi usiku uliotulia. Pawabenki zisizo na jina mara nyingi hazina hata nusu ya kilichoandikwa. Ijaribu nyumbani usiku mzima kabla ya safari.
- Betri ya lithiamu ya volti 12.8, ampea-saa (Ah) 20. Ni wati-saa 256, na karibu zote zinatumika. Usiku mmoja na nusu au zaidi kidogo, ina uzito wa kilo mbili na kitu. Kwa wawili hii ndiyo tunayopendekeza.
- Betri ya sola ya asidi iliyozibwa, Ah 40 au zaidi. Utatumia nusu tu. Nzito, lakini fundi yeyote anaijua. Ile ya kuongezwa maji isichajiwe ndani mnamolala, inatoa gesi inayolipuka.

Paneli ya wati 50 juu ya keria, bila kivuli, hurudisha wati-saa 150 hadi 200 kwa siku ya jua, kwa hiyo feni zinajilipia. Usiiweke chini ya turubai ukashangaa.

Kuunganisha: waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya ampea 10 kwenye waya mwekundu ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye betri, kisha swichi moja kwa kila feni. Fyuzi ikiwekwa mwisho kwenye feni hailindi waya, na waya ukibanwa na chaga ndio unaowaka moto. Nunua kipima volti kidogo cha kuchomeka. Ukilazimika kutumia betri ya gari, ikisoma 12.2 zima.

Kitanda

Godoro nene la sponji linakukumbatia na kuzuia joto la mgongo lisitoke, upande mzima wa mwili haupati hewa. Wazee wa pwani walilala kitanda cha kamba kwa sababu hewa inapita chini. Tengeneza kitu cha kufanana: chaga za mbao za inchi 3, nafasi ya inchi 2 kati yake, juu ya fremu iliyoinuka sentimita 20. Usifunge plaiwudi zima. Kama lipo tayari, toboa matundu ya sentimita 4 kila baada ya sentimita 15. Fremu usiinue zaidi ya sentimita hizo 20, kichwa kitakuwa kwenye hewa ya moto chini ya paa, na nafasi ya kuketi itapotea.

Juu ya chaga weka sponji ngumu ya inchi 3, si zaidi, kisha mkeka wa ukili, kisha shuka ya pamba. Mkeka unaacha nafasi ndogo za hewa chini ya mgongo, na tofauti utaiona usiku wa kwanza. Khanga na vikoi vingi vya sokoni vimechanganywa poliesta. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu jepesi, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Kila mtu awe na shuka yake. Pamba ya kujifunika ni ya kuzuia umande wa alfajiri tu.

Mabegi yasirundikwe chini ya chaga yakaziba njia ya hewa. Peleka viti vya mbele.

Ratiba ya jioni

*Saa 10:* toa godoro nje, liweke kivulini, liegemee gari. Fungua milango yote, pamoja na ule wa nyuma.

*Saa 11 na nusu:* toa foili za vioo, vika neti zote, rudisha godoro. Milango ya mbele ifungwe juu ya neti zake. Kuanzia sasa hakuna kuacha mlango wazi bila neti hata kwa dakika moja.

*Saa 12 na robo:* washa feni ya kutoa hewa. Mwaga ndoo moja ya maji juu ya paa kama bado lina moto, ukichunga feni na paneli.

*Kabla ya kulala,* hata kama ni saa 8 usiku muziki umekwisha: oga maji ya kawaida, lita 5 kwa kopo zinatosha mtu mmoja. Chumvi ya bahari iliyobaki mwilini huvuta unyevu na kukufanya unate, kwa hiyo aliyeogelea lazima ajisuuze kwa maji baridi ya bomba. Usijifute ukakauka kabisa. Panda kitandani na unyevu kidogo, feni imalizie kazi.

Sasa barafu. Gandisha chupa mbili za lita moja na nusu nyumbani, zisijazwe hadi juu zisije zikapasuka, zibebe kwenye kontena la barafu. Funga moja kwa khanga iliyokunjwa mara mbili, iweke kwapani, shingoni au kati ya mapaja, sehemu ambazo damu inapita karibu na ngozi. Dakika 20 hadi 30 wakati wa kuutafuta usingizi. Isiguse ngozi moja kwa moja. Asubuhi ni maji ya kunywa.

Kuhusu kunywa: pombe inakukausha na kukulaza usingizi mzito kiasi cha kutosikia kwamba feni imezimika. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo. Aliyecheza na kutoka jasho saa nne anahitaji chumvi, basi dafu liende na muhogo wa kuchoma wenye chumvi, au pakiti moja ya ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) kwa lita moja ya maji safi.

Mkiamka mmetota

Kabla ya kulaumu hali ya hewa, gusa kioo. Kikiwa na ukungu kwa ndani, hewa haitoki: feni ya kutolea imezimika, au upepo umegeuka kutoka bara na sasa unasukumana nayo. Geuza feni ipulize ndani, au hamishia ubao wake dirisha la pili. Ndiyo maana ubao usipigiliwe misumari.

Kioo kikiwa kikavu na bado mnaungua, feni ya mwili ndiyo tatizo, imehama au mtu mmoja ameiziba kwa goti. Mkiwa watatu ndani ya Noah, hesabu zote za hapo juu zinaharibika. Wa tatu alale nje kwenye chandarua chini ya turubai, na huenda yeye ndiye atakayelala vizuri zaidi.

Mvua ya ghafla Desemba ni ya kawaida. Turubai liwe limekunjwa upande wa upepo, tayari kuvutwa kwa mkono mmoja. Shusha vioo vya upande wa mvua kwa sentimita 3 tu, acha vya upande mwingine wazi, na feni ziendelee. Kufunga vyote ndiko kunakowatoa watu nje saa 10 alfajiri.

Mtu akiumwa kichwa, akitapika, akiwa na jasho jingi na ngozi ya baridi, amechoshwa na joto: mtoe nje, mlaze, mnyweshe ORS kidogokidogo, mpulizie feni. Akianza kusema asichokijua, kuyumba, au ngozi ikawa ya moto mno, hiyo ni hatari ya maisha. Mmwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea, chupa za barafu kwapani na kwenye mapaja, msimnyweshe kitu kama hana fahamu, na mmpeleke hospitali huku mkiendelea kumpoza. Maumivu ya kichwa kwa watu wote ndani ya gari kwa pamoja ni jambo jingine: fikirieni moshi wa jirani anayewasha injini au jenereta, tokeni nje kwanza, ulizeni baadaye.

Asubuhi

Jua huchomoza kati ya saa 12 na saa 12 na nusu, na kwa pua iliyotazama kusini-mashariki linapiga kioo cha mbele moja kwa moja. Foili ya kioo hicho irudishwe usiku, kabla ya kulala. Inawapa saa moja hadi moja na nusu zaidi ya usingizi. Ikifika saa 2, gari lililo juani halilaliwi tena, hata na feni, na mtoto au mtu aliyelewa asiachwe humo kwa kisingizio kwamba vioo vimeshushwa kidogo: ndani ya dakika 10 joto linaweza kupanda kwa nyuzi 10.

Toa shuka na mkeka uanike. Sponji iliyolala na jasho ikikunjwa mbichi inanuka ukungu usiku wa pili. Soma kipima volti, andika namba kwenye mkanda juu ya betri, elekeza paneli juani, na rudisha turubai juu ya paa kabla ya kwenda kutafuta chai.